Naguib el-Rihani: Mcheshi wa Misri Aliyebeba Machozi

Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kuelezwa habari za Misri. Tangu zama za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka mwaka 1870 hadi 1888, ala za Misri zilikwisha ingia katika majumba yetu. Ganuni, udi na fidla vilipiga hodi Unguja, vikavuka bahari hadi Mombasa na Lamu, na taarabu ikawa mali yetu. Baadaye zikaja sahani za santuri, kisha filamu, na kuanzia mwaka 1954 redio ya Cairo ikawa inasema nasi kwa Kiswahili. Hata leo ukipita mitaa ya Mji wa Kale na kumtaja Umm Kulthum au Mohammed Abdel Wahab, hakosekani mzee wa kutingisha kichwa na kusema kwamba hao ndio waliokuwa waimbaji.

Lakini waimbaji ndio tuliowashika. Waliochekesha tumewaacha njiani. Na katika hao waliochekesha, yuko mmoja ambaye Wamisri wenyewe humweka juu ya wote, nami naona haifai jina lake lipotee kwetu. Huyo ni Naguib el-Rihani, mwigizaji, mtungaji, mwelekezi wa michezo na mwenye kikundi chake mwenyewe, aliyeishi miaka 60 na kufariki mwaka 1949. Katika makala haya nataka kueleza maisha yake. Si kwa sababu alikuwa mcheshi tu, kwani wacheshi ni wengi, bali kwa sababu alipata utajiri kwa kicheko cha aina moja, akakiona hakitoshi, akautia hatarini utajiri huo kutafuta kicheko cha aina nyingine. Watu wachache sana hufanya hivyo.

MTOTO WA MFANYA BIASHARA YA FARASI

Rihani alizaliwa Cairo mwezi wa Januari 1889, katika mtaa wa Bab el-Shaariya. Ni mtaa wa watu wa kawaida, wenye vichochoro, mafundi, wachuuzi na kelele za mchana kutwa. Baba yake, Elias, alikuwa mtu wa Iraq, kutoka mji wa Mosul, na kazi yake ilikuwa biashara ya farasi. Mama yake alikuwa Mmisri wa Kikopti. Walikuwa Wakristo, na kijana alipelekwa shule ya mapadri wa Kifaransa, akajifunza Kifaransa vizuri sana. Lugha hiyo ilimfaa baadaye, maana michezo mingi aliyoigeuza kuwa ya Kimisri ilitoka Paris.

Hapa naomba msomaji azingatie jambo moja. Rihani alisoma lugha ya wageni shuleni, lakini masikio yake yalikulia mtaani. Alijua namna muuza maji anavyolalamika, namna karani maskini anavyomjibu bosi wake, namna mwanamke wa dirishani anavyomtukana jirani bila kutaja jina. Hayo hayafundishwi darasani. Ndiyo hazina aliyoitumia mpaka siku ya mwisho.

Alipomaliza shule aliajiriwa karani katika benki ya kilimo. Bahati ikamkutanisha humo na karani mwingine, Aziz Eid, ambaye naye moyo wake haukuwa katika vitabu vya hesabu. Aziz Eid alikuja kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa uelekezi wa michezo ya kuigiza katika Misri. Vijana hao wawili wakawa na miili yao benki na roho zao jukwaani. Mwisho wake waweza kuukisia: Rihani alifukuzwa kazi. Akaenda Nag Hammadi, kusini kabisa, akaajiriwa katika kampuni ya sukari. Huko nako hakudumu. Akarudi Cairo mikono mitupu.

Mama yake alisikitika sana. Katika siku hizo mwigizaji alihesabiwa mtu asiye na kazi wala heshima. Sisi wa mwambao twaielewa hali hii bila kuelezwa, kwani hata kwetu ni mara ngapi mzazi amemzuia mwanawe kupiga udi kwa kuogopa watu watasema nini? Mama wa Rihani alitaka mwana karani, mwenye mshahara wa mwezi. Alimpata mwana anayepaka uso rangi na kuvaa ndevu za bandia.

KICHEKO KILICHOMFUKUZISHA

Kwa wakati ule jukwaa kubwa la Cairo lilikuwa mikononi mwa George Abyad, aliyesomea uigizaji Paris kwa msaada wa Khedive na kurejea Misri mwaka 1910. Abyad alipenda michezo ya huzuni na ya wafalme, na lugha yake ilikuwa Kiarabu fasihi, kile cha vitabuni. Rihani aliingia kikundini mwake akapewa sehemu ndogo ndogo.

Kuna kisa mashuhuri cha wakati huo. Katika mchezo mmoja wa Salahuddin na vita vya msalaba, Rihani alipewa sehemu ya mfalme wa Austria. Akaona kwamba huyo si mtu wa kubuni sana, akajipaka na kujivisha afanane na Mfalme Franz Joseph, aliyekuwa hai na akitawala Austria wakati ule ule, na picha yake ikijulikana na kila msoma gazeti. Alipojitokeza jukwaani, watu waliokuja kutetemeka na kulia waliangua kicheko. Mchezo wa huzuni ukaharibika usiku huo, na Abyad akamwondoa kikundini.

Nimekitafakari sana kisa hiki. Mtu mwingine angejiona ameaibika. Rihani aliona mlango. Alifahamu kwamba Mungu amempa kipaji ambacho yeye mwenyewe hakukitaka, kwa maana yeye pia alikuwa akitamani kuwa mwigizaji wa michezo mizito ya huzuni. Ajabu ya maisha yake ni kwamba tamaa hiyo haikumtoka kabisa.

Mwaka 1915 yeye, Aziz Eid na wenzao walianzisha kikundi chao cha vichekesho kwa Kiarabu. Walikuwa na ujuzi, hawakuwa na fedha. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza, Cairo imejaa askari wa Kiingereza na wa Australia, na bei ya pamba ilipopanda matajiri wa mashamba walikuwa wakiingia mjini na mifuko iliyotuna. Panapotokea fedha za ghafla, starehe za ghafla nazo hutokea. Mikahawa ya muziki na ngoma ikaota kama uyoga. Mwaka 1916 Rihani aliingia katika mmojawapo, ulioitwa Abbaye des Roses, akapewa kazi ya kuwachekesha watu kwa muda mfupi kati ya ngoma na ngoma.

KISHKISH BEY AZALIWA

Hapo ndipo alipomtunga Kishkish Bey. Kishkish ni umda, yaani jumbe wa kijiji, kutoka mahali pa kubuni panapoitwa Kafr el-Ballas. Amevaa juba na kilemba, ana ndevu, ana fedha za pamba, na hana akili ya kuzilinda. Anakuja Cairo, anawaona wanawake wa mjini, anayeyuka kama samli juani. Wajanja wanamkamua mpaka senti ya mwisho. Mwishowe anarudi kijijini kwake hana kitu, akiapa kwamba hatarudia tena. Na usiku wa pili, bila shaka, amerudia.

Cairo nzima ilimcheka Kishkish. Wanakijiji walicheka kwa sababu walimjua, na watu wa mjini walicheka kwa sababu wao ndio waliomla. Alichokifanya Rihani hapa kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana. Aliitoa lugha ya mtaani akaiweka jukwaani bila kuiona haya. Nasi twajua uzito wa jambo hilo. Mtu wa Mombasa akisikia Kimvita chake, au wa Lamu akisikia Kiamu chake, kikisemwa mbele za watu bila kusanifishwa, moyo wake husimama. Hujiona yumo. Wamisri nao walijiona wamo.

Fedha zikaja. Rihani akahamia majumba makubwa ya michezo katika mtaa wa Emad el-Din, uliokuwa ndio mtaa wa starehe za Cairo. Katika mtaa huo huo alikuwako mpinzani wake, Ali el-Kassar, aliyejulikana kwa sehemu ya Osman, mtumishi Mnubi. Hawa wawili walishindana miaka mingi. Mmoja akitoa mchezo leo, mwingine hujibu kesho kwa mchezo wenye jina la kumpiga kijembe. Mpenzi wa taarabu wa pwani hatashangaa. Vikundi vyetu navyo vimejibizana namna hiyo, na mwenye kufaidi alikuwa msikilizaji.

Inasimuliwa kwamba mama yake, ambaye hakuwa amekubali kazi ya mwanawe, alikuwa siku moja ndani ya tremu akawasikia abiria wakimsifu mwigizaji Rihani kwa maneno mengi. Mama hakuweza kujizuia, akawatangazia wote kwamba huyo wanayemsifu ni mwanawe. Tangu hapo, yasemekana, lawama zake zilipungua.

WATU WATATU NA MWAKA 1919

Mambo mawili yalimtoa Rihani katika upuuzi mtupu. La kwanza ni kukutana na Badie Khayri, mshairi wa lugha ya mtaani, aliyeanza kumwandikia mashairi na maneno ya michezo mwishoni mwa vita. Badie alikuwa Mwislamu, Rihani Mkristo. Wakaandika pamoja, wakagombana pamoja, wakafilisika pamoja, na kupata pamoja, kwa zaidi ya miaka 30, mpaka mmoja alipozikwa. Sijui ushirika mwingine wa uandishi katika ulimwengu wa Kiarabu uliodumu namna hiyo.

La pili ni Sayed Darwish, kijana wa Alexandria aliyezaliwa mwaka 1892, aliyekuwa na sauti ya kifua kizima na masikio ya kuokota muziki wa mabaharia, wapagazi na mafundi wa ujenzi. Rihani alimchukua kuitilia muziki michezo yake. Basi wakawa watatu: Rihani jukwaani, Badie kwa maneno, Darwish kwa sauti.

Wakati huo Misri ilikuwa imewaka. Mwezi wa Machi 1919 Waingereza walimkamata kiongozi Saad Zaghloul na kumpeleka uhamishoni, na nchi nzima ikasimama, wanaume kwa wanawake, Waislamu kwa Wakristo. Nyimbo zilizotoka katika michezo ya Rihani ziliimbwa barabarani na waandamanaji. Ilipokuwa ni hatari kulitaja jina la Zaghloul hadharani, Badie na Darwish walitunga wimbo wa kumsifu muuza tende. Kwa nini tende? Kwa sababu zaghlul ni jina la aina ya tende za Misri. Askari angemkamata nani kwa kuimba habari za tende? Sisi tuliolelewa na mafumbo ya mashairi, ambao twajua kusema kanga huku tukimaanisha mvaaji, lazima tuvue kofia kwa ufundi huo. Darwish alifariki mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 31 tu, na sauti aliyoitungia nchi yake ndiyo iliyofanywa wimbo wa taifa wa Misri mwaka 1979.

Lakini mwaka 1920 Rihani alipata pigo. Alitoa fedha zake kugharimia mchezo mkubwa wa nyimbo, El-Ashra el-Tayyiba, ulioandikwa na Mohamed Taymour, Aziz Eid akiuelekeza na Darwish akiutilia muziki. Mchezo ulifanyia mzaha watawala wa Kituruki wa zama zilizopita. Watu wakauliza: mbona mnamcheka Mturuki aliyekwisha ondoka, na Mwingereza yuko hapa? Wengine wakamtuhumu Rihani kwamba anawafanyia kazi Waingereza. Mtu ambaye nyimbo za jukwaa lake ziliimbwa mbele ya bunduki za Waingereza sasa aliitwa kibaraka wao. Mchezo ambao leo wajuzi wanauhesabu miongoni mwa kazi bora za Darwish ulimletea mwenye kuugharimia hasara na matusi.

KUPANDA NA KUSHUKA

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1924 alimwoa Badia Masabni, mwimbaji na mchezaji wa asili ya Shamu, akaenda naye na kikundi chake mpaka Amerika ya Kusini, kuwachezea wahamiaji wa Kiarabu wa Brazil na Argentina. Ndoa haikuwa na raha. Wakatengana, na mwaka 1926 Badia akafungua ukumbi wake mwenyewe Cairo, ambao ulikuja kuwatoa wachezaji mashuhuri kama Tahia Carioca na Samia Gamal.

Mwaka huo huo Rihani alijaribu kuitimiza ile tamaa yake ya zamani. Alikusanya waigizaji hodari akaanzisha kikundi cha michezo mizito ya huzuni. Watu walikuja, wakamwona Rihani bila kilemba cha Kishkish, wakangoja wacheke, hawakucheka, wakaenda zao. Baada ya muda mfupi kikundi kilikufa, na fedha zikafa nacho. Ikambidi amrudie Kishkish kama mtu anayerudi kwa mwajiri aliyemkimbia.

Hapa ndipo naona ukubwa wa mtu huyu. Alikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuendelea na Kishkish mpaka uzeeni, ngoma nyingi, wasichana wengi, kicheko cha kutekenywa. Ya pili ni kuwadharau watazamaji kwamba hawana akili. Alizikataa zote mbili. Yeye na Badie wakakaa chini na kujiuliza: je, haiwezekani kumchekesha mtu kwa jambo la kweli linalomuuma?

Jibu lao la kwanza lilikuwa mchezo wa El-Gineh el-Masri, yaani Paundi ya Misri, wa mwaka 1931. Waliutoa katika mchezo wa Kifaransa wa Marcel Pagnol uitwao Topaze. Ni kisa cha mwalimu mwaminifu anayeidhiniwa na ulimwengu siku ile tu anapokuwa mwizi. Alipokuwa msafi alidharauliwa, na alipokuwa mchafu akasifiwa kwa hekima. Watazamaji wa Cairo hawakuupenda. Walimtaka Kishkish. Rihani alivunjika moyo vibaya, akaona kwamba pengine alichotaka hakiwezekani.

Hata hivyo hakukoma. Polepole, katika miaka ya 1930, Kishkish alififia, akatokea mtu mwingine: efendi maskini, mwenye tarbushi iliyochakaa na koti lililopigwa pasi mara nyingi mno. Ni karani, mwalimu, tarishi. Ana elimu kidogo, ana heshima nyingi, hana bahati. Anasema kweli mahali pasipofaa, na ulimwengu unamwadhibu. Huyu watazamaji walimkubali, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuchekwa tu. Alikuwa wao wenyewe.

Serikali ilipoanzisha kikundi cha taifa cha michezo mwaka 1935, Rihani alibaki nje na kikundi chake, akiishi kwa tikiti za mlangoni. Kwa hiyo hakuna aliyemwamuru amcheke nani na amwache nani. Katika mchezo wa Hukm Qaraqush alimkalisha maskini mmoja juu ya kiti cha utawala, kwa mzaha wa mtawala mwenyewe, ili tuone ni nani mpumbavu wa kweli. Aliyelelewa na hadithi za Abunuwasi na Alfu Lela U Lela atakitambua kisa hicho upesi. Na katika Hassan, Murqus na Kohen aliwaweka wafanya biashara watatu, Mwislamu, Mkristo na Myahudi, wenye duka moja la dawa na tamaa moja, wakimzunguka mfanyakazi wao maskini ambaye amerithi mali naye hana habari. Dini zao ni tatu, lakini mbele ya fedha wanasali kibla kimoja. Mchezo huo haukumtukana mtu kwa dini yake. Uliwaumbua kwa tabia.

RIHANI KATIKA FILAMU

Jukwaa huzikwa na mchezaji wake. Laiti Rihani angebaki jukwaani peke yake, mimi leo nisingekuwa na cha kusimulia ila sifa za kuambiwa. Lakini aliigiza filamu kama kumi hivi, na hizo ndizo zilizobaki. Za kwanza, kuanzia ya Kishkish Bey ya mwaka 1931, hazikuwa nzuri sana. Moja, Yaqut, ilipigwa Paris mwaka 1934. Mwenyewe hakuipenda kamera. Alizoea kusikia watu wakicheka, na kamera haicheki.

Mambo yalibadilika mwaka 1937 kwa filamu ya Salama fi Kheir, iliyotengenezwa na Studio Misr na kuelekezwa na Niazi Mostafa. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, kwanza katika kanda ya video iliyokwaruzika, na kila mara naiona mpya. Salama ni tarishi wa duka la nguo. Anapewa fedha nyingi apeleke benki, anakuta benki imefungwa, anarudi dukani, duka nalo limefungwa. Maskini huyu sasa ana mkoba wenye utajiri usio wake, na usiku unaingia. Anaogopa wezi, anaamua kulala katika hoteli kubwa, na huko anadhaniwa kuwa ni mwana wa mfalme aliyetarajiwa kutoka nchi ya mbali. Mwana wa mfalme mwenyewe anapofika anaufurahia mkasa huo na kumtaka Salama aendelee kuwa yeye.

Watu wanaotazama haraka watasema ni kisa cha kubadilishana nguo. Mimi natazama mkono wa Salama. Katika heshima zote anazopewa, karamu na saluti, mkono haubanduki kwenye ule mkoba. Anaitwa mtukufu, lakini anachokifikiri ni amana ya watu. Rihani hahubiri. Anauonyesha mkono tu, nasi tunacheka, kisha tunajiuliza ni wangapi kati yetu wangeushika mkoba ule mpaka asubuhi.

Mwaka 1941 ikafuata Si Omar, ambamo mhasibu mwaminifu anafukuzwa kwa kugundua wizi wa mkubwa wake, kisha anadhaniwa kuwa mtoto wa tajiri aliyepotea ng'ambo. Mwaka 1946 akaigiza Lebet el-Sitt pamoja na Tahia Carioca, na mwaka 1947 Abu Halmous. Katika zote mtu ni yule yule: uso mrefu, macho ya uchovu, sauti ya mtu anayelalamika kwa adabu. Habwagi miguu wala hatoi ulimi. Anasimama tu, anaambiwa jambo la kumwonea, ananyamaza kidogo, na ule unyamavu wake ndio unaochekesha.

FILAMU YA MWISHO

Ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni Ghazal el-Banat. Anwar Wagdi aliielekeza, Layla Murad akaigiza na kuimba, na ndani yake wakatokea pia Youssef Wahbi na Mohammed Abdel Wahab, kila mmoja akiwa yeye mwenyewe. Rihani ni Ustadh Hamam, mwalimu wa Kiarabu katika shule ya wasichana, mtu wa makamo aliyevaa nguo za ufukara. Anafukuzwa shuleni, kisha anapata kazi ya kumfundisha binti wa pasha aliyeanguka mtihani wa Kiarabu. Hamam anampenda msichana yule. Ni kosa la moyo lisilo na dawa: yeye ni mzee na maskini, naye ni kijana na binti wa pasha.

Usiku wa mwisho wanajikuta nyumbani kwa Youssef Wahbi, na chumba cha pili Abdel Wahab anaimba habari za mapenzi ya roho, mapenzi yasiyodai kitu. Kamera inamtazama Hamam anayesikiliza. Hasemi neno. Uso wake unaelewa polepole kwamba wimbo ule ni hukumu yake, kwamba ampende msichana yule kwa kumwachia njia. Machozi yanamtoka. Wapenzi wa taarabu wa mwambao wengi wanaujua wimbo ule kwa redio na santuri, lakini asiyeuona uso wa Rihani hajausikia wote.

Hivyo mtu aliyetamani ujana wake wote kuwaliza watu, akashindwa mwaka 1926, akaanguka tena mwaka 1931, aliwaliza mwishoni bila kuacha kuwachekesha. Ila hakuyaona machozi yao. Homa ya matumbo ilimpata, naye akafariki Cairo tarehe 8 Juni 1949. Filamu ilitolewa miezi michache baadaye mwaka huo huo, na watu walioingia sinema walimcheka na kumlilia maiti.

Badie Khayri hakukiacha kikundi kife. Alikiendesha, na mwanawe, Adel Khayri, akashika sehemu za Rihani jukwaani mpaka alipofariki naye akiwa kijana mwaka 1963. Badie aliwafuata mwaka 1966. Michezo yao iliendelea kugeuzwa filamu na kuchezwa tena, na hata jina la filamu ya mwaka 2008 ya Adel Imam na Omar Sharif, Hassan na Murqus, linamkumbusha mtazamaji ule mchezo wa zamani wa washirika watatu.

Wako wanaosema kwamba kuchekesha ni kazi ya wasio na kazi. Nimeyasikia hayo hata vibarazani kwetu, na sikatai kwamba kiko kicheko kinachoifisha akili, kinachomdhalilisha kiwete, mgeni na maskini. Rihani alikijua kicheko hicho, kilimlisha, na alikiacha kilipokuwa bado kinalipa. Alikichukua kile kilichokuwa kigumu: kumfanya mwenye nguvu aonekane alivyo, na mnyonge aonekane mtu. Mwenye nafasi na azitafute filamu zake, aanze na ya yule tarishi, na asiuondoe macho ule mkoba.